Ku mlango wa masomo mzazi avae nini? Tantine anajibu

Tangu masomo ifunguliwe mwezi wa tisa, barua za wazazi wa Bukavu zimekuwa mingi na karibu zote zinaongelea nguo. Si ya mtoto, ya mtoto inajulikana, bulu na nyeupe, basi. Ni nguo ya yule mwenye anamshika mkono asubuhi. Nimechagua nne, nimezifupisha kidogo, maneno ni yenu wenyewe.

*Jambo Tantine. Niko mama wa batoto batatu hapa Kadutu, nauzishaka sambaza. Asubui nashuka ku ziwa mapema juu ya kupata mali kwa bavuvi, nikitoka pale napitia nyumba, nachukua batoto nabapeleka ku masomo alafu naendelea soko, sina nafasi ya kubadilisha kikwembe. Sasa mukubwa wangu, iko na miaka kumi, aliniambia mama baki apa ku kona, nitafika peke yangu. Kumuuliza juu ya nini, anasema benzake ba mu kalasi banasema mama yako ananuka samaki. Na zamu, mulinzi wa ku mlango, naye alishaniambia bamama benye nguo ya kazi babakie inje. Nililia Tantine. Niache kumusindikiza? — Mama wa sambaza, Kadutu*

Mama yangu, usiache. Nianze na huyo zamu juu yake njo rahisi. Hakuna sheria yenye inamruhusu zamu kupima kikwembe cha mama na kuamua nani aingie nani abaki, mzazi si mgeni pale, mtoto wako amesajiliwa kwa jina lako. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 ku kifungu cha 43 inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure, na tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kuitekeleza, njo maana kalasi zimejaa hivi na watoto wa wauza sambaza wanakaa banki moja na watoto wa wafanya kazi wa biro. Kama mtoto ana haki ya kuingia, mwenye kumleta hawezi kufukuzwa kwa sababu ya kazi yenye inamlisha huyo mtoto. Usigombane na zamu lakini, pengine alitumwa, pengine ni kichwa yake tu. Enda kwa direktere siku yenye hauna haraka, umwambie siku, saa, na maneno alisema, bila kuongeza. Asipokusikia kuko COPA, komite ya wazazi, kila shule inapashwa kuwa nayo, muulize mwalimu presida ni nani. Watu wengi wanafikiri COPA ni ya kukusanya feza tu, hapana, mambo kama haya njo kazi yake.

Sasa binti yako, na hapa nakuomba unisome polepole. Hajakukataa. Wewe unasikia yale maneno mara moja ku mlango unaondoka zako, yeye anabaki nayo mpaka saa sita, na mtoto wa miaka kumi hajue bado kujibu. Ile ya kukuweka ku kona ni njia alipata ya kujikinga, ni mtoto. Muongeleshe mangaribi mukiwa wawili tu, wadogo zake wasisikie, na usimwambie kwa hasira eti ni hii samaki inakulisha, hata kama ni kweli, juu atasikia deni, na deni ya mama haikomeshi mtu kumcheka kesho yake. Mwambie kazi yako ilivyo. Mwambie wavuvi wanalala ku maji na taa zao usiku muzima, unafika giza bado iko, unajua kuchagua sambaza ya leo na ya jana kwa macho tu. Watoto wengi wa hapa wanakula sambaza na hawajue inatoka namna gani ku ziwa mpaka ku sahani. Muulize pia nani anasema, na kama ni mmoja au wawili wenye wanarudia kila siku, mwalimu anapashwa kujua. Kuchekana mu kalasi ni ya mwalimu kumaliza, si wewe kwa kubadilisha nguo.

Na harufu, tuiongelee bila haya, juu najua unataka jibu. Magamba ya sambaza ni madogo sana na yanatoka haraka, yanashika ku upindo wa kikwembe pale chini penye unainamia beseni, yakikauka yanang'aa kama vumbi ya glasi, na ile maji ya samaki inakaa ndani ya ule mshono. Njo maana unaweza kunawa mikono mara tatu na bado watu wanasikia. Kwa hiyo kinga upindo. Kata kipande cha bashi ao mufuko wa plastiki wenye nguvu, fanya nayo tabliye yenye inafika chini ya magoti, vaa pale ku ziwa tu wakati wa kupima na kumwaga mu beseni, kisha itoe, ukunje ndani kwa ndani, iende na mali. Beseni nayo muachie mwenzako mwenye unamuamini ku njia, usiende nayo mpaka ku mlango wa shule, harufu kubwa iko mu beseni si kwako. Kitenge cha pili, hata cha zamani chenye kimepauka, kiweke mu sashe ku nyumba, ukipitia kuchukua watoto unakifunga juu ya kile cha kazi, hauvui kitu. Na ukifua anza na maji ya baridi, mama, maji ya moto inapikisha ile maji ya samaki ndani ya uzi na haitoke tena. Baridi kwanza, kisha sabuni, na limau kama iko.

Fanya hivyo kwa ajili ya binti yako na kwa raha yako. Si kwa ajili ya zamu. Na mwache yeye achague hicho kitenge cha pili, wa miaka kumi anapendaka kuulizwa.

*Salut Tantine. Niko Nguba, mtoto wangu mmoja iko maternelle, shule ya batoto badogo. Namupeleka na gari asubui mbiombio, kwa hiyo nabakia na pijama, naweka penwari, robe ya ku nyumba, juu na fulari ya kulalia, sishukake mu gari, dada ya kazi njo anashuka naye. Mama mukwe alikuja kutembea akaniona, alisema nafezehesha familia. Nakosa wapi kama gari inanifunika? — Mama wa gari, Nguba*

Dada yangu, hauko peke yako hata ulimwenguni. Huko Darlington, Uingereza, mwaka 2016 mkuu mmoja wa shule ya msingi aliandikia wazazi barua akiwaomba wasilete watoto wakiwa wamevaa pijama, juu walikuwa wanafika nazo mpaka ndani, hata ku mikutano. Wazazi wengine walimshukuru na wengine walikasirika, wakasema asubuhi ya mwenye watoto wadogo haijulikane na mwenye hana. Mimi naelewa wote wawili.

Lakini hapa kwetu nguo ya kulala ni ya chumba. Mtu wa Bukavu akikuona barabarani na penwari hawazie uvivu, anauliza kwanza kwenu kuko nini, nani amegonjwa, nani amekufa. Njo hiyo mama mukwe amesikia, na kwa hiyo iko na haki. Tena gari inafunika mpaka siku yenye pneu inapasuka pale karibu na feu rouge, ao polisi anakusimamisha, ao mtoto anatapika na lazima ushuke. Na Bukavu wakati wa mvua, na matope ya hizi njia zetu, hiyo siku haiko mbali.

Lakini nguo si jambo kubwa mu barua yako. Jambo kubwa ni ile *sishukake*. Mtoto wa maternelle anapashwa kutoka mu mkono wako aingie mu mkono wa mwalimu, mwalimu aone sura yako, wewe uone yake, umwambie usiku alikohoa, akuambie jana hakukula. Dada ya kazi hata akiwa mwaminifu namna gani hawezi kubeba hayo yote, na mwalimu akiwa na neno la kukuambia hamwambii yeye. Weka robe moja ndefu ao kitenge na libaya ku kiti karibu na kitanda tangu mangaribi, asubuhi unavaa juu ya ile ile pijama kama unataka, nani atajua, fulari unabadilisha na ya mchana, unashuka. Urembo hauombwi na mtu. Ukirudi nyumba ulale tena kama hauna kazi, sina neno.

*Tantine, mimi ni papa, Panzi. Bibi yangu anavaaka pantalo asubui kupeleka batoto juu banapandaka moto (pikipiki), yeye na babili. Bazee ba kanisa letu bameniita, banasema mama mwenye ndoa ku mlango wa shule anavaa kitenge. Nimukataze? — Papa wa Panzi*

Hapana papa, usimkataze. Wazee wetu wanaweza kukumbuka wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, mwanamke kuvaa pantalo ilikuwa imekatazwa, na perike (nywele ya bandia), na mini, wanaume nao walilazimishwa abakosti, ile koti ya kuvaa bila tai, na tai ikakatazwa. Tai zilirudi baada ya hotuba yake Mobutu ya 24 Aprili 1990. Kwa hiyo wengi wetu tulikomaa mu hiyo hali tukafikiri ni desturi ya mababu, kumbe ilikuwa amri ya serikali, na mababu zetu wenyewe hawakuvaa hata kitenge cha wax, hiyo ilikuja na meli.

Ku moto pantalo njo nguo ya akili. Kitenge chenye hakikufungwa vizuri ncha yake inaingia mu chene ao mu rayo za gurudumu na inamvuta mama chini na mtoto mikononi. Waambie wazee hivyo kwa heshima, na kama wanataka, akifika afunge kitenge juu ya pantalo pale ku mlango, ni dakika ngapi. Lakini papa, umeandika yeye na babili. Na motari mwenye kuendesha, hiyo ni wane ku moto moja, ku milima ya Panzi, na mvua. Bazee wangekuita kwa hiyo. Tafuta namna wakubwa waende kwa miguu pamoja na majirani, ao moto ifanye mara mbili, mimi ningelipa hiyo kuliko kununua kitenge kipya.

*Tantine, naongoza shule moja ya msingi Bagira. Wazazi wengine banakuja ovyo, singleti, kolanti (pantalo ya kubana), sapatu za ku douche. Nataka kubandika karatasi ku mlango: mwenye hakuvaa vizuri haingie. Unasemaje? — Direktrise*

Mama direktrise, nakuheshimu, na najua unataka shule yenye heshima. Lakini sentensi ile ya mwisho ifute. Houston, kule Marekani, mwezi wa nne 2019 shule moja ya sekondari ilitoa karatasi kama hiyo kwa wazazi: pijama hapana, kolanti hapana, boneti ya nywele hapana, rulo hapana. Ilikuja nyuma ya mama mmoja mwenye alikwenda kuandikisha binti yake na wakamrudisha juu ya kitambaa cha kichwa na robe fupi. Waza, alikuja kuandikisha mtoto! Habari ikazunguka dunia, na wengi waliuliza nani alipata hasara pale, mama ao mtoto mwenye alibaki bila kalasi.

Kwako Bagira itakuwa vile vile. Mwenye atarudishwa si yule wa kolanti, yeye ana ingine ku nyumba, kesho atakuja nayo. Atakayerudishwa ni mama mwenye ana kikwembe kimoja, na ataona haya kurudi, na siku utamuita juu mtoto amegonjwa hatakuja. Nimeona mama anasimama ku ngambo ya barabara mvua inamnyeshea, anangoja mtoto atoke, hakaribie ukuta wa shule, na nilipomuuliza alisema tu eti siko na viatu. Karatasi yako itawaongeza hao.

Tena angalia barua za leo. Karibu zote ni nguo ya mama. Papa anafika na singleti, tumbo inje, hakuna mtu anamwandikia Tantine. Angalau wewe umetaja singleti, nakushukuru, kama kuko sheria basi ianze na wanaume.

Na si ovyo tu yenye inaumiza, hata kule kupendeza kupita kiasi. Wakati wa proklamasio, siku ya kutangaza matokeo, mwezi wa saba bamama wanakubaliana kitenge kimoja, pièce nzima ya yadi 6 na mshono juu, mwenye hana anakopa ao mtoto wake anapokea buletini peke yake. Kwa hiyo, hata hii ungeiongelea.

Fanya hivi. Itisha mkutano na COPA, saa yenye wauza soko wanaweza, si saa tatu asubuhi. Ongea wewe mwenyewe, kwa Kiswahili, na Kifaransa kama kuko wenye wanataka, useme unachoomba: mwili ufunikwe kifua mpaka magoti, nguo ya kulala ibakie nyumba, nguo ya kazi inakaribishwa hata ikiwa na vumbi ya simenti ao unga. Wachia wazazi waseme nao, utasikia mambo haujue, kuko wenye wanatoka zamu ya usiku ku ospitali, kuko wenye wanatembea kutoka mbali na viatu wamebeba mkononi juu ya matope. Na zamu wako awe ndani ya ule mkutano, asikie mbele ya wote kwamba mzazi harudishwe juu ya nguo, akiona kitu kibaya aje akuambie wewe, utamuita huyo mzazi pembeni, biro imefungwa, muongee wawili. Kisha mkutano, kama wazazi wenyewe wanataka karatasi, waiandike wao.