Binti Yangu Amegeuzwa Stika ya Kuchekwa

SWALI: Mshauri, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Binti yangu wa pili ana miaka 15 na yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa. Mwezi uliopita alipigwa picha akiwa amesinzia kwenye tuisheni, picha hiyo ikageuzwa stika yenye maneno ya kulicheka umbo lake, na sasa inarushwa katika kundi la WhatsApp la darasa kila anapoandika neno, hata akiuliza zoezi la hisabati. Hali chakula vizuri, tumbo humuuma kila Jumatatu asubuhi, na usiku namkuta amejifunika shuka akisoma yanayoandikwa. Baba yake anataka kuifungia simu kabatini mpaka amalize kidato cha nne. Mwalimu wa darasa aliniambia kwamba huo ni utani wa watoto, tena shule hairuhusu simu, kwa hiyo hayo si ya shule. Jirani aliponishauri nimpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nilikasirika nikaondoka. Nifanye nini?
Mama wa Nkuhungu

JIBU: Mama, pole sana, wewe na binti yako. Naomba nianze na simu, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo baba anaweza kulifanya leo jioni, nami ningependa asilifanye. Mtoto anayedhalilishwa mtandaoni huwaogopa wenzake, lakini mara nyingi huogopa pia kwamba akisema nyumbani atanyang'anywa simu, na hofu hii ya pili ndiyo inayomfanya anyamaze kwa miezi. Mkiichukua sasa, atakuwa amejifunza kwamba kusema kunaleta adhabu, na dhihaka nayo haitakoma, maana stika hiyo imo katika simu za wenzake. Binti yako ametendewa kosa, naye asiwe wa kwanza kuadhibiwa.

Namwelewa baba, kwa kuwa wazazi wengi tumeaminishwa kwamba ubaya wote unatokana na saa ambazo mtoto anazitumia kwenye simu. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wakaona kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wa vijana hao. Wapo wataalamu wanaoona hatari ni kubwa kuliko hivyo, na mjadala unaendelea. Hata hivyo nionavyo mimi, jambo la kumuuliza binti yako ni nani anamfanyia nini huko ndani, kabla ya kumhesabia saa.

Kuhusu kauli ya mwalimu kwamba huu ni utani, siwezi kukubaliana naye, na sisi wa kanda ya kati tuliolelewa katikati ya watani tuna sababu ya kulijua jambo hili. Mtani hukutania usoni pako, unamfahamu, una haki ya kumjibu kwa kejeli kali kuliko yake, na siku ya msiba ndiye anayekuja kushika kazi. Katika stika ya binti yako hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Wanaocheka ni wengi, anayechekwa ni mmoja, na hana jibu lisilozidisha kicheko. Dan Olweus, mtaalamu aliyefanya kazi Norway na kuanza kuchunguza uonevu shuleni tangu miaka ya 1970, aliutambua uonevu kwa alama tatu, yaani nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa kwa kitendo, na tofauti ya nguvu kati ya mwonevu na mwonewa. Mtandaoni alama ya pili imepata sura mpya, kwa sababu mtu mmoja hutengeneza picha mara moja tu, kisha darasa zima linairudia kwa niaba yake hata yeye akiwa amelala. Zamani mtoto aliyechekwa shuleni alipumua akifika nyumbani, ilhali binti yako anafuatwa mpaka kitandani.

Tafadhali msimwambie kwamba anajifanya anapolalamika tumbo. Mwili wa mtu mwenye hofu hubana misuli, huvuruga usagaji wa chakula na kukatisha usingizi, na maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu waliotengwa makusudi katika mchezo mdogo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta walipata msisimko katika sehemu ya ubongo inayohusika pia na uchungu wa maumivu ya mwili. Hao walikuwa watu wazima, na mchezo wenyewe ulikuwa wa dakika chache. Katika umri wa miaka 15 kukubalika na wenzake ni jambo zito sana, na sehemu za ubongo zinazosaidia kutuliza hisia bado zinakomaa.

Sasa nikueleze ambavyo ningefanya ningekuwa mahali pako. Kaa naye wakati ndugu zake hawapo, labda mkichambua mboga, mwambie kwamba umeona na kwamba simu haitachukuliwa. Kisha msikilize bila kumuuliza kwa nini alisinzia. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kutamani asingekuwepo, na usiogope kwamba swali hilo litampandikizia wazo, kwani wataalamu wa afya ya akili wanashauri liulizwe. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Usingizi nao unahitaji utaratibu. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10, kwa hiyo simu zote za nyumbani, ya baba na yako zikiwemo, zilale sebuleni. Utaratibu unaowahusu wote hautaonekana kuwa adhabu yake.

Kabla ya kufuta chochote, pigeni picha za skrini zinazoonyesha stika, tarehe na namba za waliorusha. Mwombeni msimamizi wa kundi aiondoe stika hiyo, kisha rudi shuleni na ushahidi huo, safari hii kwa mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri na unasihi. Wanaorusha stika ni wanafunzi wao, na athari yake inaingia darasani kila Jumatatu, hivyo hoja kwamba simu zimekatazwa haiwaondolei wajibu. Omba wazazi wa watoto husika waitwe. Wapo watakaokuhimiza uende polisi moja kwa moja, na ni kweli kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia, na faini yake haipungui shilingi milioni 5. Lakini hawa nao ni watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawalinda wote walio chini ya miaka 18, kwa hiyo ningeanza na kikao cha wazazi. Pakiwa na vitisho au picha za utupu, usisubiri kikao chochote. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na usimrushie ndugu yeyote picha hizo, hata kwa nia ya kumwonyesha.

Jirani yako, mama, hakukutukana. Najua jinsi jina la Mirembe linavyotumiwa kama kejeli nchi nzima, na kwetu sisi wa Dodoma linauma zaidi. Ile ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na watu huenda kumwona daktari au mwanasaikolojia wakarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kama binti yako bado hali wala halali vizuri baada ya wiki mbili hivi, mpeleke pale au katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Naye mwenyewe anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.

SWALI: Niko kidato cha tatu, Kondoa. Katika kundi letu kuna mwenzetu anachekwa kila siku. Sijawahi kumtukana, ila nimewahi kutuma emoji za kucheka. Sasa ameacha kuandika. Nikimtetea watanigeukia mimi.
Mwanafunzi

JIBU: Mwanangu, hofu yako ina msingi, na sikuagizi upigane na kundi zima. Mwandikie leo, nje ya kundi. Mwambie kwamba umeona anachofanyiwa, kwamba si haki, na kwamba unaomba radhi kwa kucheka. Usimshauri apuuze, maana angeweza angekwisha kufanya hivyo. Asipojibu usimlazimishe, kesho kaa naye wakati wa mapumziko. Kuanzia sasa usirushe tena wala usicheke, kisha mweleze mwalimu wa unasihi ukiwa peke yako, naye usimfiche majina. Na kama mwenzako amewahi kukuandikia kwamba amechoka kuishi, usiitunze siri hiyo hata kama alikuapisha. Mwambie mtu mzima leo hii.