Kabla ya Kulipia Intaneti Zaidi, Pima Uliyo Nayo

Juzi kijana mmoja wa Jinja, anayesimamia kompyuta za shule, aliniandikia kwamba intaneti yao hukwama kila asubuhi na kwamba mkuu wa shule ameanza kumtilia shaka. Ujumbe huo ulinitonesha kidonda cha mwishoni mwa mwaka 2021, nilipokuwa fundi wa mtandao katika ofisi moja mjini Mbarara.

Kodi ya asilimia 12 juu ya data ilikuwa imeanza hapa Uganda Julai ya mwaka huo, na kila shilingi ilihesabiwa. Tulikuwa na megabiti 10 kwa sekunde za kupakua, yaani kupokea data kutoka intaneti, 2 za kupakia, yaani kuituma, na malalamiko yasiyokwisha. Mkurugenzi aliniuliza mbele ya wenzangu kama ninawauzia vijana wa mtaani nywila ya ofisi. Sikuwa na takwimu hata moja ya kujitetea, na fedheha ile sijaisahau. Kifurushi kikaongezwa upande wa kupakua. Hali ikabaki ile ile.

Usiku mmoja nilifungua Torch, zana iliyomo ndani ya ruta ya MikroTik, kifaa kinachogawa intaneti ofisini. Zana hiyo huonyesha papo hapo kila anwani, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, inatuma na kupokea kiasi gani. Kompyuta zote zilikuwa zimezimwa, lakini anwani 192.168.88.47 ilikuwa ikipakia karibu megabiti 2 kwa sekunde bila kupumzika. Nilifuata kebo kutoka kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, hadi stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi, nikakuta mashine ya kurekodia picha za kamera za ulinzi, ambayo aliyeifunga aliiacha ikituma video zote kwenye hifadhi ya mbali: zaidi ya gigabaiti 20 kwa siku. Njia ya kupakia ikijaa, kupakua nako huzorota, kwa kuwa kompyuta inayopokea hurudisha uthibitisho kwamba data imefika kwa njia hiyo hiyo. Mashine ile niliiwekea kikomo cha nusu megabiti kwa sekunde, na asubuhi yake mhasibu akafungua ukurasa wa benki bila kusubiri. Mkurugenzi hakuniomba radhi.

Ndugu zangu mnaosimamia mitandao, msikubali kulaumiwa wala kumlaumu mtu kabla ya kupima. Washeni leo grafu za ruta, zinazochora matumizi ya intaneti saa kwa saa, mziache zikusanye wiki nzima, na upande wa kupakia msiupuuze. Andikeni anwani ya kila kifaa, hasa kile ambacho hakuna anayeketi mbele yake. Pimeni hata siku ambazo hakuna anayelalamika, maana bila kipimo cha siku njema hamtaitambua mbaya.

Kijana wa Jinja nimemwomba anitumie grafu za saa mbili hadi saa nne asubuhi, pamoja na za usiku shule ikiwa imelala.