Taimingi: pima kwanza, sensa utanunua baadaye

Mashine ya kusoma hitilafu za gari inatoa kodi P0016. Nimebadilisha sensa ya krenki na ya kamshafti, kodi imerudi. Ninunue sensa za aina gani?

Usinunue nyingine. Swali hili haliishi, na kila anayeuliza sensa ameshazilipia. P0016 inasema krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (inayofungua valvu) hazipatani kwa taimingi. Haisemi sensa imekufa. Sensa ya krenki ikifa, kwa kawaida utaona P0335, ya kamshafti P0340. Anza na oili: kiwango, usafi, na kama ni ya uzito uliotajwa na mtengenezaji. Kwenye injini nyingi za taimingi inayojibadilisha, presha ya oili ndiyo inayosogeza gia ya kamshafti. Oili ikiwa pungufu au imejaa tope, gia inakwama. Kisha chomoa valvu ya oili inayoiongoza gia hiyo, safisha chujio lake, iguse kwa umeme wa betri kidogo tu uone kama pini inasogea.

Hayo yakiwa salama, fungua kava ya cheni. Leta silinda namba 1 juu kabisa, mwisho wa mgandamizo, ulinganishe alama za taimingi za krenki na kamshafti. Krenki huzunguka mara 2 kamshafti ikizunguka mara 1, kwa hiyo ukikuta za kamshafti ziko upande wa pili, ongeza mzunguko mmoja wa krenki kabla ya kupiga kelele kwamba cheni imeruka meno. Mwisho tazama tenshena, kifaa kinachokaza cheni: iliyotoka karibu yote inakuambia cheni imerefuka. Usisahau kibanzi (ki) kinachoishikilia gia ya krenki kwenye shafti, kikilika gia inateleza huku cheni ni mpya.

Cheni inalia asubuhi sekunde 2 au 3, kisha kimya.

Tenshena inakosa presha baada ya gari kulala. Weka oili sahihi na filta yenye valvu ya kuzuia oili kurudi chini. Za bei rahisi huwa nayo kwa jina tu. Ikilia hata injini ikiwa moto, zima.

Mkanda wa taimingi ulikatika, nimefunga mpya. Starta inazungusha injini kwa wepesi mno lakini haiwaki.

Wepesi huo ni ukosefu wa kompresheni. Pima silinda zote. Zikisoma sifuri au karibu yake na alama ziko sawa, valvu zimepinda. Shusha kichwa.

Naweza kubadilisha mkanda, nikaacha tenshena ya zamani?

Hapana. Na pampu ya maji, kama inazungushwa na mkanda huo huo, itoke pamoja nao. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono raundi 2 kamili, kwa upande injini inakozunguka, kisha soma alama upya. Ikigoma njiani usilazimishe wala usipige starta: valvu imekutana na pistoni. Na usiamini alama za rangi alizoacha fundi aliyetangulia. Huenda unanakili kosa lake.

Gari langu la distribyuta (kigawa umeme wa plagi) injini inagonga likipanda mlima tangu fundi aliporekebisha taimingi kwa sikio.

Moto wa plagi umewahi mno. Injini iwe moto, chomoa bomba la vakyumu la distribyuta uzibe mdomo wake, funga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba 1, injini iwe kwenye mzunguko wa chini uliotajwa na kitabu cha gari. Legeza distribyuta, fikisha nyuzi za kitabu, kaza, pima tena, maana kukaza kunaisogeza. Sikio halisomi nyuzi. Kugonga kunakoendelea kunaweza kutoboa pistoni, na ukiuchelewesha moto kupita kiasi utapoteza nguvu na kuunguza ekzosi.

Langu lina koili juu ya kila plagi. Fundi anasema atazungusha taimingi kidogo lipate nguvu.

Hakuna distribyuta ya kuzungusha hapo. Muulize atalegeza bolti gani.