Altezza ya klachi au otomatiki? Jibu langu kwa anayetaka kununua

Mkuu, kama nimekuelewa, umepata Toyota Altezza mbili za mkononi, bei zinakaribiana: RS200 ya klachi na AS200 otomatiki. Kila siku utatoka Kimara kwenda Posta hapa Dar, na unataka gari yenye raha barabarani. Nimeendesha aina zote mbili, na ya klachi ndiyo ninayo mpaka leo, kwa hiyo ujue mapema naegemea wapi.

Hapo huchagui giaboksi peke yake, unachagua na injini. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, lita 2, na hiyo ya klachi ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210, ambazo unazipata injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, lita 2 hizo hizo, farasi 160. Hiyo sita ni laini na tulivu, ila otomatiki yake ina gia nne tu, na ukiibana mlimani inajishauri kwanza ndipo ishushe gia. RS200 nayo, mshale wa mizunguko ukiwa chini, ni gari ya kawaida kabisa. Utamu uko juu, na huko juu unafika kwa kuishikilia gia mwenyewe. Ndiyo maana hata RS200 otomatiki, yenye gia tano na vitufe kwenye usukani, hainishawishi: waliipunguza mpaka farasi 200, halafu kinachobaki giaboksi inakugawia kwa hiari yake.

Kuhusu foleni sikudanganyi, Kimara mpaka Ubungo asubuhi mguu wa kushoto utaujua. Dawa ni kuacha nafasi mbele, unaweka gia ya kwanza na kuachia klachi yote, gari ijitembeze bila mafuta. Bodaboda watajaa hapo mbele, waache. Klachi inauawa na mtu anayeishikilia nusu kilimani badala ya kuvuta handibreki. Na kama mama watoto naye ataendesha na klachi haijui, mjadala umeisha, chukua otomatiki.

Sasa lililo kubwa zaidi. Altezza zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, maana yake hata ya mwisho kabisa ni gari ya makamo. Hali ya giaboksi iliyo mbele yako ina uzito kuliko aina yake. RS200 nyingi zimepita kwa vijana wa kuzungusha matairi, kwa hiyo ya klachi ikague kama unayemshuku mwenye nayo. Iwashe ikiwa ya baridi, tembea, toka ya kwanza kwenda ya pili, kisha ya tatu. Ugumu kidogo asubuhi si neno, lakini ikisaga meno hata baada ya kupata moto, achana nayo. Kisha tafuta barabara nyeupe, weka gia ya nne mwendo ukiwa mdogo, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukiruka na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Kukanyaga pedali kukileta mlio, beringi ya klachi ndiyo inayoaga. Hayo mawili yasikutishe sana: fundi anashusha giaboksi, anabadilisha pleti, presha pleti na beringi kwa mpigo, na bei unaikata kwa muuzaji.

Otomatiki ni habari nyingine. Injini ikinguruma taratibu, mguu kwenye breki, toa P weka R, kisha D. Ikichelewa kushika, au ikashika kwa kishindo, ondoka. Oili yake ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka haraka zaidi. Mafundi wa kuifungua otomatiki na kuirudisha ikiwa nzima ni wachache. Wengi watakutuma Ilala ukanunue nyingine ya mtumba, ambayo nayo historia yake anaijua Mjapani aliyeiuza. Na ukiichukua, weka oili ya Toyota aina ya T-IV, usikubali kuambiwa eti oili zote za giaboksi otomatiki (haidroliki) ni moja.

Mimi ningechukua RS200, mradi ipite majaribio hayo. Isipopita na AS200 ni nzima, chukua AS200 bila kinyongo, ni gari nzuri ya kwenda nayo Moshi mkiwa wanne. Ila kabla hujatoa hata advansi, fungua boneti utafute bamba la chuma la kiwandani, usome mstari wa TRANS/AXLE. Ya klachi ya gia sita inasomeka J160. Ukikuta kingine huku ndani kuna pedali tatu, basi ilikuwa otomatiki ikageuzwa, na hapo muulize muuzaji nani alifanya kazi hiyo na waya za giaboksi ya zamani zimeishia wapi.