Kabla hujailaumu mashine, fungua boksi la filamu

Juzi kijana mmoja aliyeanza kazi ya fizikia tiba, yaani kupima na kuhakiki mionzi inayotibu wagonjwa, ameniandikia: “Shikamoo dada. Filamu zangu zinasoma dozi zaidi ya mpango kwa asilimia 6. Mashine imeharibika?” Nilisoma mara mbili, nikaweka simu chini. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka wangu wa pili kazini, tena mbele za watu.

Tulikuwa tunahakiki mpango wa mgonjwa, yaani dozi ya mionzi aliyopangiwa, kwa filamu ya Gafchromic EBT3: karatasi ya plastiki inayobadili rangi ikipigwa mionzi, nasi tunaisoma dozi kwenye rangi hiyo. Usomaji ukawa juu, nami nikatangaza kwamba mashine inatoa mionzi kupita kiasi. Matibabu yakasimama nusu siku, fundi akaitwa, dozi ikapimwa kwa chemba ya ioni, kifaa kingine cha kupima mionzi. Mashine ilikuwa salama kabisa. Mkuu wangu akanigeukia, wenzangu wote wakisikia: “Basi mbovu ni wewe.” Miaka imepita, na bado linaniuma.

Jioni ile nilibaki peke yangu. Nikachukua mabaki ya karatasi ya filamu nilikokata kipande cha kupimia dozi ya mgonjwa, nikayaweka kwenye skana. EBT3 ambayo haijapigwa mionzi ina rangi ya kijani hafifu kinachoelekea njano. Hii ilikuwa na ukanda uliokolea upande mmoja, upana wa vidole viwili, na ukanda ulikwenda moja kwa moja hadi pale mkasi ulipopita. Nikakumbuka. Boksi nilikuwa nimeliacha juu ya kabati karibu na dirisha, kifuniko hakijakaa vizuri, karatasi ya juu ikichungulia nje ya bahasha. Kipande cha mgonjwa nilikikata kwenye sehemu iliyokwisha kuchomwa na jua.

Nilikuwa naijua nadharia yote, ndiyo maana nilijiona hodari. Tabaka linalofanya kazi lina unene wa mikromita 28 tu, limebanwa katikati ya plastiki mbili za mikromita 125 kila moja. Chembe zake zikipigwa na mionzi huungana na kubadili rangi. Lakini miali ya urujuanimno ya jua, hata ile ya taa za tyubu, huziunganisha vilevile, na joto nalo huivuruga rangi. Ukishaiweka kwenye skana, rangi haikuambii imetoka wapi. Unaigeuza kuwa dozi, na kosa linaingia kwenye faili la mtu anayeumwa.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaotaka kuaminika katika kazi hii: filamu ikae gizani. Itoke gizani pale tu unapoihitaji, ikimaliza irudi gizani, hata kama imeshapigwa mionzi, kwa sababu rangi yake inaendelea kukolea baadaye. Mimi nasubiri saa 24 ndipo niskani, na vipande vya kalibresheni, vile vilivyopigwa dozi inayojulikana ili kulinganishia rangi, navyo vilisubiri muda huo huo. Chumba kiwe na ubaridi, mbali na dirisha na mashine zinazotoa joto. Vaa glavu, shika pembeni. Ukikata, weka alama ya uelekeo kwenye kila kipande, maana ukikigeuza kwenye skana usomaji unabadilika. Usichanganye namba za toleo. Boksi jipya la toleo jingine linadai kalibresheni yake. Na skani kila kipande kabla ya kukipiga mionzi. Ningefanya hilo moja tu siku ile, ukanda ule ningeuona asubuhi. Na giza, jamani. Giza.

Leo boksi za idara yetu ziko chini ya mkono wangu, kila moja na tarehe ya kufunguliwa. Ukaguzi wa dozi wa mwisho kutoka nje tuliupita bila swali lolote kuhusu filamu. Najivunia hilo, na sioni haya kulisema.

Kijana nilimjibu hivi: mgonjwa asilale chini ya mashine unayoitilia shaka, kwa hiyo kapime sasa hivi kwa chemba ya ioni. Ukitoka hapo, skani mabaki ya karatasi yako, kisha nipigie picha mahali boksi lilipo.

Picha ilifika jioni. Chemba imekubaliana na mpango. Boksi liko juu ya meza ya skana, wazi, chini kabisa ya taa ya tyubu.