Papi anakojoa kila kona ya sebule, nifanyeje?

SWALI: Dada habari, pole na majukumu. Tumepanga ghorofa ya tatu hapa Dar, mume wangu kaleta papi wa miezi miwili. Anakojoa sebuleni hasa pembeni ya kapeti, magazeti nimeweka kibarazani wala hayagusi. Mume anamsugua pua kwenye mkojo ati akome, sasa anajificha nyuma ya kochi ndo anakojoa huko. Nadeki na jiki kila siku nimechoka. Chini tumeambiwa tusimshushe mpaka amalize chanjo, ni kweli?
Mama Junior, Sinza

JIBU: Pole mdogo wangu. Kwanza shemeji aache hiyo ya pua, leo hii. Mbwa haunganishi adhabu na kitu alichofanya dakika kumi zilizopita, anachojifunza ni kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari, ndo maana anakimbilia nyuma ya kochi, na akishazoea hivyo hata ukimpeleka kibarazani atabana mpaka umpe mgongo.

Wa miezi miwili anabana masaa mawili hivi akiwa ametulia, akicheza hata nusu saa inamshinda. Kwa hiyo usisubiri akuombe, wewe ndo umuwahi. Akiamka tu mbebe, usimwache atembee atamwaga njiani, akila subiri kama robo saa umpeleke, akimaliza kucheza mpeleke, kabla ya kulala mpeleke, na usiku uamke walau mara moja. Mwangalie pia, ukiona kaacha mdoli ghafla anazungukazunguka pua iko chini, una sekunde chache tu. Akimaliza msifie na umpe kipande cha kuku wa kuchemsha palepale kibarazani, sio mkisharudi ndani.

Magazeti mapya hayamwambii kitu. Chukua moja ufutie mkojo wake wa sebuleni, liweke kibarazani chini ya mengine, atafuata harufu yake mwenyewe.

Jiki acha kabisa kwenye mkojo, zikikutana zinatoa hewa inayowasha macho na kifua, na nyie mna mtoto humo ndani. Kausha kwa tambara kavu, pakaa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, acha dakika kumi ndo ufute. Kapeti likunje kwanza uliweke stoo, kwa kweli hamna namna.

Chini mlichoambiwa ni kweli, parvo, kirusi cha mbwa, inakaa kwenye udongo miezi na miezi na inaua watoto wa mbwa haraka sana, chanjo yake inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16 hivi. Dawa ya minyoo nayo msiruke, na kinyesi kiokoteni mapema maana minyoo ya mbwa inawapata watoto wetu pia.

Ila ukiona anakojoa vitone vitone kila saa, analia akikojoa, au mkojo una damu, hapo sio suala la kumfundisha tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.