Muulize Mzee wa Mto: Mshipi Unaniangukia Miguuni

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua ufito wa kuvulia samaki, wa mtumba, wa futi 9, umeandikwa namba 5, pamoja na nzi bandia wachache, yaani ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na mdudu. Nafanya mazoezi uwanjani shuleni. Nikirusha, mshipi unaniangukia miguuni kama rundo, nyuma yangu unalia kama mjeledi, na nzi wawili wamekatika. Kaka yangu anasema niongeze nguvu. Ni kweli?
Mwalimu, Nyeri

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kaka yako bila shaka ni mvuvi wa bwawani. Kule unarusha kipande kizito cha madini ya risasi, nacho kinavuta uzi. Nzi wetu ni manyoya tu, hana uzito. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndiyo maana ukatengenezwa mnene. Hiyo namba 5 ni uzito wa mshipi unaoufaa ufito wako. Ukifunga mwepesi mno, ufito haupindi vya kutosha, na usipopinda hauna nguvu ya kurusha.

Sasa huo mlio. Unaleta mkono mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma. Ncha ya mshipi inageuka ghafla na nzi anakatika. Basi anza polepole, mshipi uinuke kwenye nyasi, ongeza kasi, halafu simamisha ufito kabisa ukishapita wima kidogo. Subiri. Geuza kichwa uutazame, usione haya, hata wakongwe hutazama. Ukinyooka tu, njoo mbele na usimame tena, ncha ya ufito ikiwa bado juu ya macho yako, ndipo uishushe taratibu. Mshipi ukiwa mrefu, subira nayo irefuke. Kwa sasa mita 7 au 8 za mshipi nje ya ncha ya ufito zakutosha.

Wageni ninaowasindikiza mto Thego wengi hukunja kifundo cha mkono, ufito ukalala nyuma hadi mshipi ukagusa majani. Mtu wa namna hiyo humvalisha shati la mikono mirefu nikamchomekea kitako cha ufito ndani ya mkono wa shati. Kifundo hutulia chenyewe. Na badala ya ndoana funga kipande cha uzi wa sufi, maana wanafunzi watakuja kutazama. Miwani uvae hata hivyo.

Ukifika mtoni utakuta vichaka vimekubana mgongoni. Mto Gura, ambako mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti mwaka 1905 kwa mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, hauna uwanja wa kupungia mkono. Hapo hurushi nyuma kabisa. Vuta mshipi taratibu juu ya maji hadi uning'inie nyuma kidogo ya bega lako, tulia, kisha piga mbele na usimame. Mshipi utajiviringisha kwenda mbele. Hili usilijaribu kwenye nyasi ukavunjika moyo: linahitaji maji yaushike mshipi.

Wala usitamani kurusha mbali. Mito yetu ni myembamba, na trauti wengi nimeona wakivuliwa karibu, na mtu aliyechuchumaa nyuma ya jiwe. Wale wa mita 20 hupendeza kwenye picha.

Kata leseni kabla ya kushuka mtoni, na ukiingia msituni nenda na askari wa wanyamapori. Nyati hunywa maji palepale unapovua, na wao hawangoji mshipi unyooke.